Njoo Ukiwa Umefunga

Akhmim, 26 Februari 2025

Kwa Tamavu Yustina, mtawa wa jangwani,

Wanawake wenye umri wa kukuzaa wanakuita Tamavu, "mama yangu," na mimi kaka yako niliyekubeba mgongoni ukinilowesha shati nalazimika kukuita hivyohivyo. Haya, Mama, shikamoo. Sisi wazima, Insaf anakusalimu, kinu cha ufuta kinasaga. Mfungo Mkuu umeanza, nami nina neno zito la kukueleza kabla dereva wenu hajamaliza kupakia magunia.

Nilikwenda kwa yule daktari mpya wa kisukari, Lamia, binti wa Haji Mursi muuza vitambaa. Alisoma karatasi zangu, akanimulika macho kwa tochi yake ndogo. Kisha akaniambia kwamba mishipa ya jicho la kushoto imeanza kuvuja damu, na sukari isiposhuka jicho hilo litakwenda, na la kulia litalifuata. Unamkumbuka baba alivyokuwa akipapasa ukuta kwenda msalani. Nilimkumbuka palepale kitini, nikaogopa kama mtoto.

Sasa sikia maajabu. Nilijua ataniambia niache mafuta, maana ndivyo walivyoniambia wote waliomtangulia. Yeye akaniambia niache mkate. Mkate, wali, tambi, viazi, vyote. Nikamuuliza tumbo nilijaze nini, nilijaze hewa? Akasema nilijaze mboga za majani na mafuta: mayai, jibini, samaki, bata na ngozi yake, malai, na samli kwa kiasi, kwa sababu mafuta hayapandishi sukari kwenye damu kama mkate. Nilimtazama vizuri nikidhani anatania. Miaka yote hii nakata mafuta kwenye nyama namtupia paka. Paka amenawiri, mimi napofuka.

Lakini umeshaona mtego ulipo. Ukiyatoa majani, kila alichokitaja ni haramu kwetu mpaka Pasaka, hata samaki. Padri wetu, Abuna Bisente, amenipa ruhusa, anasema mgonjwa hafungi. Nimekataa. Sijawahi kuvunja Mfungo Mkuu tangu nilipopata akili, na sitaanza mwaka huu ambao namhitaji Mungu kuliko miaka yote. Basi daktari kaninyang'anya mkate, kanisa limeninyang'anya mafuta, nimebaki na maji na sala. Wewe unayepikia nyumba nzima ya watawa, niambie mtu kama mimi anakula nini.

Kaka yako,
Wahba

*

Jangwani, 4 Machi 2025

Kaka Wahba, amani ikae nyumbani mwako.

Barua yako ilinikuta jikoni. Nilicheka ulipomtaja paka, nilipofika kwa baba nikaketi chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono baba, wewe ulikuwa kinuni. Sitaki kukushika wewe. Nakuambia waziwazi kwa sababu nakupenda na kwa sababu una kichwa kigumu.

Unauliza mafuta ya mfungo yako wapi. Kaka, umesimama ndani yake, yamekufika kifundoni. Punje ya ufuta ukiikamua, nusu yake ni mafuta. Kila nikifungua mtungi wa tahini unayotuletea, huo uji mzito wa ufuta uliosagwa, nasimama nikishangaa, na watawa wadogo hapa wanadhani nimesahau nilichokifuata. Kitu kidogo hivyo, ukikiangusha sakafuni hukioni, hakuna mnyama aliyechinjwa wala aliyekamuliwa, na ndani yake Mungu ameweka kilekile ambacho daktari wako anakitafuta kwa bata. Umekisaga maisha yako yote na hujakitazama.

Nimemuuliza Tamavu Marina, aliyekuwa mfamasia kabla hajavaa kilemba cha utawa. Anasema ule tahini, tena tupu, isiyotiwa sukari. Mafuta ya zeituni usiyaonee huruma, nakutumia dumu la miti yetu. Zeituni zenyewe, jozi na lozi ngumi moja, si gunia. Mlenda uunge kwa kitunguu saumu na hayo mafuta ya zeituni, biringanya na koliflawa vioke, usivikaange kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki wa mtaa mzima. Dengu na ful, yale maharage yetu ya asubuhi, ni watu wema lakini wana wanga ndani, wakaribishe kwa kijiko na si kwa bakuli.

Na usidanganywe na maduka. Siku hizi kuna biskuti za mfungo, keki za mfungo, hata chokoleti. Neno hilo kwenye pakiti linamwambia padri kwamba hamna maziwa, halimwambii daktari chochote. Halawa yako ya ufuta na sukari pia usiiguse, najua unaionja ukiipima. Ukilegea, kula yai wala usiniulize, maana utii ni mkubwa kuliko mfungo. Na daktari umweleze kila unachokula.

Nakuombea kila nikikoroga sufuria, na unajua nakoroga sana.

Yustina

*

Akhmim, 18 Machi 2025

Kwa Tamavu wangu,

Nimekutii, na utii wenyewe umenitoa jasho. Tahini bila mkate, huo si ulaji, hiyo ni adhabu. Siku ya kwanza mkono wangu ulikwenda kwenye kapu la mkate wenyewe, mimi sikuutuma. Insaf akalihamisha kapu, mkono ukalifuata. Mwishowe akanipa jani la saladi nichotee. Vijana wa kinuni wakaniuliza kama nimegeuka sungura. Nikawaambia sungura ana macho mazima, hamsikii akiuliza njia ya kwenda kwake.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, miguu ikawa ya pamba, nikakulaani kidogo, unisamehe. Wiki ya pili kiu ikaondoka. Nilizoea kulala na mtungi kando kama mtu aliyepotea nyikani, na sasa naamka asubuhi mtungi umejaa. Msalani siendi tena kila saa. Halafu jana niliinua mkono kujipangusa uso nikauona ule msalaba tuliochanjwa kwenye kifundo cha mkono tulipokuwa watoto. Kwa muda mrefu umekuwa doa tu la kijani. Jana niliuona na ncha zake, na vile vinukta vidogo pembeni. Nilikaa juu ya gunia nikautazama mpaka Insaf akaja kuuliza kama naumwa.

Tamavu, ni ufuta. Ni ufuta wangu mwenyewe, na zeituni zenu. Napita kati ya magunia sasa kama mtu anayepita kati ya watu wakubwa, karibu nivue viatu.

Nilimweleza Daktari Lamia hayo yote. Amefurahi, ameandika. Kasema vidonge ninavyomeza vilipangwa kwa mtu anayekula mkate, kwa hiyo anataka kunipima damu ajue kama avipunguze au aviongeze. Akaniambia, "Njoo Jumatatu ukiwa umefunga." Mji mzima una njaa, Waislamu wamo kwenye Ramadhani, sisi tumo kwenye Mfungo Mkuu, na yeye mwenyewe midomo imemkauka. Nikamwambia daktari, mwezi huu nani hafungi? Akacheka, nami nikacheka, tukaagana.

Basi niombee Jumatatu. Hiyo karatasi ndiyo itakayosema kama jicho ni langu au si langu.

Kaka yako,
Wahba

*

Akhmim, 26 Machi 2025

Tamavu,

Matokeo yametoka. Mia mbili tisini na moja. Ni juu kuliko siku niliyoanza.

Nilikwenda nimefunga kuliko nilivyowahi kufunga maishani. Mwuguzi aliniuliza, nikamwambia nimefunga, na ni kweli mbele za Mungu. Daktari Lamia aliisoma karatasi mara mbili, nikaona uso wake unaanguka. Amenizidishia vidonge maradufu, na kasema baada ya Idi tutazungumza habari za sindano. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo kiu iliyoondoka ilinidanganya, na msalaba nilioudhani nimeuona ulikuwa hamu yangu tu. Sitarudi kwenye mkate, sitaki Insaf aseme nimeshindwa na kapu. Lakini kuanzia leo nafunga kabisa mpaka jioni, bila kitu, labda mwili huu utashika adabu. Na usiniandikie tena habari za ufuta.

Wahba

*

Akhmim, 2 Aprili 2025

Kwa wifi yangu mpendwa, Tamavu Yustina,

Wahba hajui kama nakuandikia. Amenikataza, na mimi nimemwitikia ndiyo kwa mdomo.

Jana, siku ya pili ya Idi, alianguka kinuni. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu usiku uliotangulia, ila vidonge vyake, hivyo vilivyozidishwa. Alianza kutoka jasho la baridi, akatetemeka, akamwita mmoja wa vijana kwa jina la baba yenu, kisha magoti yakakunjika. Wakati huohuo Haji Mursi, baba wa daktari, alikuwa anaingia na sahani ya vileja vya Idi, kama anavyotuletea kila mwaka tukavihifadhi mpaka Pasaka. Huyo mzee ana mke mwenye kisukari, alijua. Alimpakaza midomoni ile sukari ya unga ya juu, alipoona anameza akamlisha kileja kizima, na cha pili. Wahba akafungua macho, akauliza amekula nini. Alipoambiwa, alilia. Vileja vya Haji vinakandwa kwa samli, wifi. Miaka yote hiyo hajavunja mfungo, na amevunjiwa sakafuni kwa mkono wa jirani.

Zahanati wakampima, wakasema sukari ilishuka mno, imekaribia kumuua. Mimi sielewi. Wiki iliyopita ilikuwa juu ya paa, wiki hii iko chini ya kisima. Daktari Lamia amekwenda Sohag kwa wakwe zake mpaka Idi iishe. Majirani wanasema tahini imempanda kichwani. Wahba anasema ni adhabu ya Mungu, na amegeukia ukuta.

Nikwambie na jambo lingine, maana mpishi ni mimi, na labda kosa ni langu. Muda wote alikuwa akila yale majani yake na mafuta kama ulivyosema. Ila asubuhi ya kipimo alitaka nimwandalie mfungo kamili, kama wanavyokula watu wote: bakuli la ful, mikate mitatu, bajia za maharage, na halawa juu yake. Nikamuuliza mbona hivyo. Akasema daktari anataka kumpima mtu aliyefunga, na mfungo wa majani tu si mfungo unaojulikana, kipimo kisije kikawa cha uongo. Alikula kwa heshima, kama anayekula kwa amri. Labda bajia zangu zilikuwa na mafuta mabaya?

Nisaidie, wifi. Asubuhi ya leo kanishika mkono kuvuka kizingiti. Naogopa.

Insaf

*

Jangwani, 6 Aprili 2025

Kaka Wahba, na Insaf wangu, msome pamoja.

Usimkasirikie mkeo. Amekuokoa, na bado hajui.

Nilisoma barua yake mbele ya Tamavu Marina. Tulipofika kwenye bakuli la ful na mikate mitatu, Marina aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Akaniuliza, "Huyo daktari ni Mwislamu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi walikuwa wanazungumza habari mbili."

Kaka, Mwislamu akisema amefunga maana yake hakuna kitu kilichopita kooni, hata maji. Daktari akimwambia mgonjwa aje amefunga, iwe Ramadhani au si Ramadhani, maana yake ni hiyo: chakula hapana tangu jana. Wewe kwako kufunga ni kuacha nyama na maziwa. Ukaenda umejaa mkate, ukaapa umefunga, na hukusema uongo. Na daktari alipokuambia uje umefunga hakukosea. Neno ni moja, mlikuwa mmeshika kila mtu ncha yake, na jicho lako liko katikati.

Kwa hiyo ile karatasi haikupima siku zako zote za tahini. Ilipima kifungua kinywa kimoja. Daktari akaiamini, akakuzidishia vidonge ambavyo labda alipaswa kuvipunguza. Mwili wako ulikuwa umepona kuliko karatasi ilivyosema, ndiyo maana vidonge vilikuangusha. Ule msalaba uliuona, Wahba. Uliuona kweli.

Niliposikia hayo nilitoka nje kupata hewa. Namwogopa Mungu zaidi leo kuliko siku niliyoingia hapa. Watu wawili wema, wote wana njaa kwa ajili yake, wanacheka pamoja mlangoni, na kifo kinapita kati ya kicheko chao. Halafu anamtuma mzee na sahani ya vileja.

Sasa sikiliza. Acha kushinda na njaa. Usibadilishe vidonge kwa kichwa chako wala kwa kichwa changu. Nenda kwa Daktari Lamia siku barua hii itakapofika, akiwa bado Sohag umfuate Sohag, umwambie neno moja tu: nilikuwa nimekula.

Yustina

*

Akhmim, Alhamisi Kuu, 17 Aprili 2025

Kwa Tamavu wangu, mama yangu kweli,

Tulimkuta kliniki, amerudi siku hiyohiyo. Nilimwambia kama ulivyoniagiza, nikiwa bado nimesimama.

Akaweka kalamu chini. "Ulikula nini, ami?"

"Nilikula mfungo."

"Mfungo hauliwi, ami Wahba."

"Kwetu unaliwa, daktari."

Halafu nikaona inamwingia, na mimi ilikuwa imeshaniingia, tukabaki tunatazamana kama watu waliokoswakoswa na gari. Alicheka kwanza. Kisha akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia, na Insaf akaenda kumshika mabega. Alisema amekua mtaa mmoja na sisi, amekula mayai ya Pasaka nyumbani kwetu tangu ana meno ya maziwa, na hakuwahi kuuliza tunafungaje. Nikamwambia hata mimi sijawahi kumuuliza baba yake, na nimekunywa naye chai maisha yangu yote. Sasa kila mgonjwa anayeingia anamwambia usile, usinywe ila maji, na neno kufunga amelitoa kinywani kabisa.

Vidonge alivipunguza palepale. Kesho yake nikarudi tumbo tupu, tupu kweli, njaa ya Kiislamu na ya Kikristo kwa pamoja. Matokeo: mia na nne. Insaf alidhani mwuguzi kakosea tarakimu. Baada ya siku chache daktari akaondoa kidonge kingine, nimebaki na kimoja cha asubuhi. Kisukari hakijaondoka, alinikazia hilo, kitakuwa mgeni wangu mpaka kaburini. Ila tumemnyima mkate.

Vile vileja nilivipeleka kwa Abuna Bisente kuungama. Aliniuliza vilikuwa vingapi. Nikamwambia viwili. Akasema ilikuwa dawa, na kwamba anamwonea wivu Haji Mursi kwa thawabu zake. Sikujua kama anatania.

Jana ndiyo nilikuwa kwa daktari wa macho. Nilikuwa sijalala, nakuambia ukweli. Alinitia matone, akachungulia jicho la kushoto mpaka nikahesabu makosa yangu yote. Akasema hakuna damu mpya, na uvimbe umepungua. Jicho linabaki, alisema, kila baada ya miezi michache nimwonyeshe, lakini linabaki. Nilimshika mkono nikaubusu. Tamavu, mbegu ambayo kuku anaidonoa, imekaa ndani ya jicho la binadamu ikaziba mahali palipokuwa pakivuja damu. Sijui nimwambie nani jambo hili asinione nimerukwa.

Tulipita kwa Daktari Lamia kumpa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akafurahi kama binti yangu. Kisha akakumbuka kazi yake, akaniuliza kwa ukali, "Na mkate je? Hata kidogo hujaonja?"

Sikutaka kumdanganya tena hata kwa bahati mbaya. Nikamwambia Jumapili tu, kanisani, kwenye Komunyo, kipande kidogo kama ukucha.

"Huo siuhesabu," akasema.

Tulitoka mpaka barabarani. Yale matone yalikuwa yameisha nguvu, jua liko juu, nami nikasimama nikaanza kusoma vibao. Nilisoma duka la viatu upande wa pili, jina na bei zake zote. Nikasoma jina la fundi saa, nikasoma namba za magari, nikasoma tangazo la mtu anayetafuta mbuzi wake. Nilisoma kwa sauti. Insaf akanivuta shati, akaninong'oneza ninyamaze, watu wananitazama.

Nikamwambia waache wanitazame, mimi pia nawaona.

Kaka yako,
Wahba